Pedi Iko kwa Bibi

Jumamosi, 14 Oktoba 2023

Kumbukumbu ya Mwalimu, ofisi imefungwa. Shemeji kapita asubuhi na PS4 yake ya zamani, ile ya toleo la kwanza la 2013, nyeusi, nzito, imezungushiwa taulo ndani ya kiroba. Yeye kapata PS5. Kijana wangu kaipokea kwa mikono miwili na shikamoo juu, shikamoo ambayo huwa naidai kwa viboko.

Niliweka masharti kabla waya haujachomekwa: siku za shule hakuna gemu. Akakubali haraka mno, nikajua ana lake jambo. Jioni nikamkuta hachezi chochote. Gemu tulilopewa ni FIFA moja ya zamani na CD yake imechubuka. Anatafuta muvi. “Mama, hii ni kompyuta tu. Ukiipa intaneti tunaangalia sinema.”

TV yetu ni bapa lakini ndiyo zile za kwanza kwanza. Ina tundu la HDMI, basi, intaneti haiijui. Fundi mmoja wa Kariakoo aliwahi kuniambia ninunue kisanduku cha Android, nikawa nasema mwezi ujao, mwezi ujao.

Jumapili, 15 Oktoba

Asubuhi nzima imeishia kwenye kufungua akaunti. Mashine inauliza uko nchi gani na Tanzania haimo kwenye orodha. Kenya haimo. Uganda haimo. Kusini mwa Sahara wameiweka Afrika Kusini peke yake. Nikampigia shemeji. “Weka Uingereza, shemeji, sisi wote huku ni Waingereza.” Basi tumekuwa wakazi wa Uingereza tulio Tabata, na duka la Sony linatuonyesha bei kwa pauni.

Netflix haina habari na Uingereza wetu. Yenyewe inatazama intaneti inatokea wapi, kwa hiyo orodha ya filamu inayokuja ni ya Tanzania. Huku kwetu iliingia tarehe 6 Januari 2016, siku moja na nchi nyingine zaidi ya mia, na ofisini tukasema hayo ni mambo ya Masaki. Kijana ananikumbusha kila mara kwamba kuangalia muvi hakuhitaji yale malipo ya mwezi ya kuchezea gemu mtandaoni. Anaogopa nitazima.

Alhamisi, 19 Oktoba

Bando la wiki limeisha kwa jioni mbili.

Nimekaa na kikokotoo, maana hii ndiyo kazi yangu na siwezi kuibiwa kwenye fani yangu mwenyewe. Kwanza nilishuku umeme. Taasisi ya mazingira ya Marekani, NRDC, ilizipima mashine hizi mwaka 2014 ikakuta PS4 inakula karibu wati 90 ikiwa inaonyesha filamu tu, zaidi ya mara 30 ya vile visanduku vidogo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nikashtuka. Lakini hebu tupige hesabu: wati 90 kwa saa tatu ni uniti 0.27. Uniti ya LUKU pamoja na makato yake yote inatufikia kama shilingi 356. Haifiki shilingi 100 kwa usiku. Pasi yangu ya asubuhi haina haki ya kuisema PS4.

Mwizi ni bando. Filamu ikija kwa picha safi ya HD, Netflix inaweza kuchukua hadi GB 3 kwa saa. Saa tatu, GB 9, kutoka hotspot ya simu yangu! Nimeingia kwenye akaunti kwa simu (kwenye PS4 mpangilio huo haupo, ni lazima upitie kwenye tovuti yao) nikashusha hadi kiwango cha kati, GB 0.7 kwa saa. Picha imekuwa na ukungu kidogo usoni mwa watu. Mama anasema haoni tofauti. Kijana anaona, na uso wake unaonyesha, lakini bando halinunui yeye.

Jumatano, 25 Oktoba

Mama yuko kwetu tangu mwezi uliopita kwa ajili ya kliniki ya presha. Jioni anakaa kwenye kochi la pembeni na tasbihi yake, TV anaitazama kwa jicho moja. Tamthilia za Kituruki anazipenda kwa sababu zinakuja na sauti za Kiswahili. Hizi za Netflix anaziita “sinema za mabubu”. Midomo inakwenda, yeye hapati kitu.

Leo kijana kafungua Lupin, ya Wafaransa. Msimu wa tatu umetoka mwezi huu huu na wenzake shuleni wanauzungumzia, ila kaanza mwanzo kabisa, ule wa 2021. Omar Sy ni Assane, mtoto wa mhamiaji kutoka Senegali, anaingia Louvre kama mfagiaji ili aibe mkufu. Maneno ni Kifaransa, maandishi ya chini Kiingereza. Mama akauliza, “Huyu mweusi anafagia nini?”

“Bibi, huyu si mfagiaji.”

“Najua. Mfagiaji gani anatazama juu?”

Kijana akacheka, akasogea karibu naye, akaanza kumsimulia. Sentensi kwa sentensi mwanzoni. Kufika katikati alikuwa ameshika sauti: tajiri ana sauti nzito ya puani, polisi wana haraka na hawana akili, Assane anaongea taratibu. Mahali fulani Assane alisema maneno mawili tu. Kijana akatoa sentensi nne, na ndani yake mlikuwa na “wallahi”. Mimi Kiingereza nasoma, nikamtazama. Akanikonyeza.

Mama alipoona mkufu umetoka, tasbihi ikawekwa mezani. “Kumbe Abunuwasi! Abunuwasi kaenda Ufaransa.” Tangu hapo hakuna Assane ndani ya nyumba hii. Ni Abunuwasi.

Jumapili, 29 Oktoba

Nimelala nikifikiria kibanda cha mzee mmoja kule Tanga, mtaa wa nyuma ya kwetu. Mabenchi ya mbao, mapazia ya magunia, joto. Kibanda umiza, na kweli kilikuwa kinaumiza, mgongo hasa. Mchana vijana walicheza mpira kwenye PS2, jioni mashine ile ile ikageuzwa kuwa deki. PS2 ilitoka Japani Machi 2000 ikiwa na uwezo wa kusoma DVD, na Wajapani wengi waliinunua kwa ajili hiyo, kwani deki yenyewe ya DVD ilikuwa bado ghali. Mzee wetu hakuwa na haja ya kuambiwa na Mjapani. Lenzi ikichoka alikuwa anaipulizia, CD ikigoma anaisugua kwa dawa ya meno, kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzunguka, huku watu wanapiga kelele warudishiwe hela zao.

Filamu zenyewe zilikuwa za Kihindi, za Kichina, za Arnold. Hakuna aliyejua Kihindi wala Kichina. Waliotufunulia ni watu kama Lufufu, ambaye sauti yake ilirekodiwa juu ya filamu yenyewe, anakwambia nani ni nani, anacheka kabla yako, anampa adui jina la kejeli. Wakenya wana DJ Afro wao mpaka leo. Nilipohamia Dar nikajifunza kuona aibu kidogo: muvi ya kweli ni ile yenye maneno yake ya asili, hao wengine wanaharibu. Mume wangu mpaka leo anasema hivyo.

Sidhani kama wanaharibu. Sinema inayoonyeshwa kwa watu wasioielewa ndiyo iliyoharibika tayari. Netflix imetuletea picha safi hadi sebuleni. Mtu wa kutusimulia hayumo kwenye kifurushi, tumemtoa humu ndani.

Ijumaa, 3 Novemba

Vita vya pedi. Kitindamimba anaishika ili aone taa ya bluu ya mbele, anabonyeza R2, filamu inaruka dakika kadhaa, Mama anapiga kelele Abunuwasi kapotea. Akinyang'anywa analia. Isitoshe taa ile inaakisi kwenye kioo cha TV, doa la bluu katikati ya paji la uso la Omar Sy usiku kucha.

Kijana kaingia kwenye mipangilio akapunguza mwanga wa taa. Haizimiki kabisa ila haisumbui tena. Halafu kafanya kitu ambacho mimi nilidhani hakiwezekani: kuna mahali pa kuwasha, panaitwa HDMI Device Link, na ukiwasha, rimoti ya kawaida ya TV inaiongoza PS4. Mishale, OK, kurudi nyuma. TV yenyewe nayo lazima ikubali, yetu imekubali. Nikasema basi pedi iwekwe kabatini.

Mama kakataa. Rimoti ni ya kila mtu, pedi ni yake. Kajifunza X ni kukubali na duara ni kurudi, anaishika juu ya mapaja kwa mikono miwili, na hakuna filamu inayoanza kabla yeye hajabonyeza. Kijana kamtengenezea wasifu wake mwenyewe, umeandikwa BIBI KIONGOZI, na picha ya dubu.

Jumatatu, 6 Novemba

Baba watoto kapiga kutoka Tunduma, foleni ya malori mpakani haisogei. Nikamwambia habari za PS4. Kaniuliza mtoto anasoma saa ngapi. Nikamwambia anasoma Kiingereza kila usiku kwa kasi kubwa na kukitafsiri papo hapo, nikakata simu kabla hajajibu.

Jumamosi, 11 Novemba

Mgao. Umeme umekwenda saa moja jioni, Abunuwasi yuko ukumbini na polisi wako mlangoni.

Simu ina Netflix na simu inaweza kupakua sehemu nzima ikaiweka. PS4 haiwezi. Ina diski ya GB 500 iliyo tupu na haiwezi kuhifadhi hata sehemu moja ya Netflix ya kuangalia baadaye, wao wameamua kupakua ni kwa simu, tableti na vifaa vichache. Kwa nchi yenye mgao, mashine yenye nafasi yote hiyo na isiyoruhusiwa kuweka akiba ni ghala lenye kufuli. Na umeme ukikatika ghafla namna hii PS4 inalalamika ikiwashwa, inasema haikuzimwa vizuri, inaanza kukagua diski. Nimeagiza mtu aniletee stebilaiza. Kijana kasema stebilaiza haizuii mgao. Najua, nataka tu kuwa na kitu cha kuagiza.

Kuhusu polisi mlangoni: kijana hakuwa ameiona sehemu ile bado. Mama akamwamuru amalizie. Kaimalizia gizani, kaitunga yote, kafika hadi kwenye harusi. Umeme uliporudi tukaiangalia, Wafaransa walikuwa na wazo jingine kabisa. Mama akasema la kwao halina nguvu.

Jumamosi, 18 Novemba

Shemeji kasema tusilie na bando, kuna flashi. PS4 ina programu ya Media Player, ya bure, Sony waliitoa 2015, inasoma filamu kutoka kwenye flashi. Kijana kaenda pale kwenye laibrari ya muvi karibu na stendi, wamemjazia sizoni mbili. Kurudi nyumbani, flashi haionekani. Ilikuwa imefomatiwa NTFS, na PS4 inataka FAT32 au exFAT. Karudi. FAT32 nayo haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo exFAT. Kachomeka tena: majina yote yanaonekana, nusu ya mafaili yanacheza, nusu yanakataa. Yanayokataa yamebanwa kwa mtindo mpya wa HEVC ili yawe madogo, na PS4 haiujui. Jamaa wa laibrari akasema, “Dogo, mwambie maza anunue TV.”

Wala sitajidai. Kazi ile ni ya wizi na wote mtaani tunajua, na waliotengeneza hizo sizoni hawapati hata senti. Lakini anayelipia Netflix halafu akazuiwa kuihifadhi kwenye diski yake mwenyewe, ndiye huyo huyo utakayemkuta kwenye foleni pale stendi.

Jumanne, 21 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Bonde limejaa, daladala hazipiti.

Tulirudi kwenye sehemu za mwanzo kwa sababu Mama alitaka kuona tena habari za baba yake Assane. Baba alikuwa dereva kwa tajiri Pellegrini, mkufu ukapotea, akasingiziwa yeye, akafungwa, akafa huko gerezani. Kijana alikuwa anasimulia, tajiri kwa sauti ya puani, na Mama akasema, “Simamisha.” Akabonyeza X mwenyewe. Omar Sy akaganda mdomo wazi.

Alipokuwa msichana alilea mtoto kwa meneja wa shamba la mkonge upande wa Muheza. Hilo nalijua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kulipotea kijiko cha fedha, kimoja katika seti, na akakalishwa barazani kutwa nzima juani, hakuulizwa kitu, hakupigwa, alikalishwa tu, kila anayepita amwone. Kijiko kilikutwa kwenye maji machafu ya kuoshea vyombo. “Hakuna aliyeniambia samahani. Waliniambia kaogeshe mtoto.”

Kijana hakujua la kusema, na mimi pia. PS4 ikawa inanguruma peke yake, feni yake imejaa vumbi. Mama akatikisa kichwa, akasema, “Haya, mume wangu, endelea. Lakini tajiri mpe sauti mbaya zaidi.”

Jumanne, 5 Desemba

Habari iliyowakasirisha wenye PlayStation wa Marekani: Sony imewatangazia kwamba vipindi vya Discovery walivyovinunua kwenye duka lake vitaondolewa tarehe 31 Desemba. Si vya kukodi. Vya kununuliwa. Sababu ni mikataba ya leseni. Duka hilo liliacha kuuza filamu tangu mwisho wa Agosti 2021, ila walioahidiwa kwamba walichonunua kitabaki ndio sasa wanaambiwa hivi.

Ofisini kwangu ukimuuzia mtu bati halafu ukapanda juu ya nyumba yake kulichukua kwa sababu mkataba wako na kiwanda umekwisha, utashushwa kwa mawe. CD iliyosuguliwa dawa ya meno hakuna aliyewahi kuja kuichukua.

Jumamosi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mpangaji wa juu ameweka faiba na tumekubaliana wapangaji wote tuchangie. Hesabu nimeiandika mimi, kila mtu kasaini. Mwisho wa kuhesabu GB.

Ila kwenye PS4 ikawa inakwama, kiduara kinazunguka, na simu ya kijana iliyo pembeni yake inakwenda vizuri. Tatizo ni umri. PS4 ya toleo la kwanza inashika Wi-Fi ya 2.4 GHz tu, na jengo zima liko humo humo. Tumenunua waya wa LAN wa mita 20, umeshuka kwa dirishani kutoka juu, umepita nyuma ya pazia. HD inahitaji kama megabiti 5 kwa sekunde na sasa tunazo za kutosha. Ukungu usoni umekwisha. Mama kaona leo kwa mara ya kwanza uso wa Omar Sy ulivyo. “Kumbe mlikuwa mnaninyima.”

Nimewaza mashine hii itadumu mpaka lini. Netflix ilianza kwenye mashine za gemu na Xbox 360 mwaka 2008, ikaja PS3 mwaka uliofuata, kisha Wii, na kwa hizo mbili mwanzoni ulikuwa lazima uweke CD yao ndio ufungue. Wii walishaikatia Januari 2019, mashine nzima, inawaka lakini haioni kitu. Ya kwetu ina miaka kumi. Siku ikikatiwa itarudi kwenye FIFA yake iliyochubuka, na mimi nitakwenda kwa yule fundi wa kisanduku.

Ijumaa, 22 Desemba

Sony imerudi nyuma. Vipindi vya Discovery vinabaki kwa angalau miezi 30 mingine. Sijawahi kununua shati lenye tarehe ya kurudishwa.

Jumamosi, 30 Desemba

Mama kaondoka kwa basi la alfajiri. Jana usiku tulifika sehemu ya kwanza ya msimu wa tatu: Abunuwasi kawatangazia Paris nzima kwamba ataiba lulu nyeusi, kapanda juu ya paa, kaanguka mbele ya watu wote. Mama akataka kuendelea, nikamkumbusha basi ni saa kumi na moja. Kalala kwa hasira.

Alhamisi, 4 Januari 2024

Kapiga jioni. Salamu zangu kazipokea kwa mkato, marahaba mwanangu, watoto wazima, haya mume wangu yuko wapi. Nikaweka simu kwenye spika.

“Tumemwacha kaanguka. Amekufa?”

“Bibi, zimebaki sehemu sita. Nimezimaliza zote.”

“Basi simulia.”

“Kila sehemu dakika arobaini na kitu. Naacha kazi zangu.” Anazungumza hivyo huku kalala kwenye kochi la pembeni, pedi kifuani. “Viroba viwili vya machungwa ya Muheza.”

Mama akasema kiroba kimoja, na kwa bei hiyo asiongeze chumvi, aseme yale yaliyosemwa tu.

“Bila chumvi, Bibi, kila sehemu inaisha kwa dakika tano.”

Kimya kidogo, kuku wa kwao wanasikika.

“Viwili,” akasema. “Na tajiri umpe ile sauti.”